Mota Mbili za Mzee Trebbin

Wapiga mbizi wa zimamoto walikuwa wanaingia majini mara ya pili Inspekta Gesine Prill alipofika kwenye kibanda cha klabu. Nje ya mlango supu ya njegere ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa, na hakuna aliyekuwa na bakuli mkononi. Wenye boti ndogo za kuendeshwa kwa rimoti walisimama ukingoni mwa ziwa, boti zao zimelazwa kwenye nyasi. Ilikuwa siku yao ya kufunga msimu, na mwenzao mmoja, mzee Ewald Trebbin, alikuwa hajaonekana tangu asubuhi.

Mwenyekiti wa klabu alimfuata Prill kabla hajafunga mlango wa gari. Jina lake Reimar Schlutow, mtu wa sauti kubwa, kofia ya nahodha kichwani.

"Yumo humu, Inspekta. Nakwambia yumo humu ziwani."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini njoo uone mwenyewe."

Akampeleka kwenye ubao uliopigiliwa ukutani mwa kibanda, kwa nje. Vibanio vya nguo vilipangwa pale, kila kimoja na namba yake ya rangi. Kila namba ilikuwa wimbi moja la redio. Mtu akitaka kuwasha rimoti, anachukua kwanza kibanio cha wimbi lake na kukibana kwenye eriali. Asipokikuta, ajue kuna mwenzake hewani, angoje zamu. Wawili wakiwasha wimbi moja, boti zinapata wazimu.

"Hamsini na tatu hakipo," Schlutow alisema. "Hicho anakitumia Ewald peke yake. Sisi wengine tumeshanunua rimoti mpya, zinajitafutia wimbi zenyewe, yeye hataki. Jana jioni nimefunga mimi, kibanio kipo. Leo asubuhi hakipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yuko majini. Kibanio hakiondoki hapa, Inspekta. Hata mlevi hajawahi kwenda nacho nyumbani."

"Boti yake mmeiona?"

"Hapana."

"Kiti chake? Sanduku la vifaa? Koti?"

"Hapana."

"Mmeona nini hasa?"

"Kibanio hakipo," alisema Schlutow, kwa upole kidogo, kama anayemweleza mtoto.

Prill aliutazama ubao tena, kisha akageuka. Mwanamke wa miaka hamsini hivi alikuwa amesimama nyuma yake, na ilionekana amekuwa pale muda. Alikuwa Almut, binti wa mzee. Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na kisanduku cha vidonge.

"Huu ndio moyo wa baba yangu," alisema. "Cha asubuhi hajameza. Cha mchana hajameza. Na redio imesema usiku huu kutaganda."

"Simu yake?"

"Kaiacha mezani."

"Gari?"

"Funguo ninazo mimi. Nilizichukua wiki iliyopita. Alitoka kununua mikate, wakamkuta mji wa pili, hajui alifikaje."

"Alisemaje ulipomnyang'anya?"

"Alishuka chini kwenye karakana yake, akaanza kuikata boti."

"Kuikata vipi?"

"Ubao wa nyuma, ule unaobeba mota. Alikuwa anaushusha. Ile boti ameihangaikia miaka, nikamwambia, Baba, unaiharibu. Akaniambia mota mpya zina shingo fupi." Akatoa mkobani visanduku viwili vitupu vya karatasi ngumu. "Nimevikuta kwenye pipa la taka. Sijui kama vina maana."

Schlutow alinyoosha shingo akasoma maandishi. "Hizi? Mbili? Hizi ni mota za kuchezea, mama. Hazisukumi hata bata. Ewald huyu ninayemjua mimi hawezi kununua hizi akiwa na akili zake." Kisha akamwona Almut usoni, akarudi nyuma hatua moja.

Prill alivitia visanduku mfukoni. "Duka lipi?"

"La Kossow. Nyuma ya stesheni."

"Twende wote. Vidonge shika mkononi."

*

Detlef Kossow alikuwa anajiandaa kufunga duka. Ndani ya kabati la vioo mota za kupachika nyuma ya boti zilisimama kwa kimo, kubwa hadi ndogo, kila moja na shingo yake na propela chini, kama za boti za kweli zilizonyeshewa mvua zikasinyaa. Alipoona kitambulisho cha polisi alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Nilimshauri vizuri. Mungu shahidi. Hakusikia."

"Sijaja kukulaumu. Niuzie mota."

"Wewe?"

"Mimi ni Mzee Trebbin. Nimeingia sasa hivi. Fanya kama ulivyofanya siku ile, neno kwa neno."

Kossow alimtazama Almut, akamtazama Prill, akajifuta mikono kwenye aproni. Akafungua kabati na kuweka mezani mota kubwa nyekundu.

"Mzee Ewald, hii hapa. Inapozwa na maji yenyewe, inainua pua ya boti hadi unaona tumbo."

"Nikasemaje?"

"Ukasema ina nguvu mno. Nguvu mno! Mtu aliyenililia nguvu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikafikiri unanitania."

"Halafu?"

Akaweka ya pili, ya fedha, ndefu. "Nikakupa hii. Ukaweka kidole kwenye shingo, ukapima kutoka kwenye kishikio mpaka chini ya propela. Ukasema itagusa."

"Itagusa nini?"

"Si ndilo nililouliza mimi? Itagusa nini, mzee? Ziwa letu linameza kanisa na mnara wake. Ukachukua hizi." Akaweka mota mbili ndogo kando ya zile kubwa, ukubwa wa yai la kuku. "Shingo fupi kuliko zote. Moja inazunguka kulia, moja kushoto."

"Kwa nini moja huku moja kule?"

"Hapo hakukosea. Propela ikiwa moja inaivuta boti ubavuni, lazima uirudishe kila mara. Zikiwa mbili, kila moja inaelekea upande wake, boti inanyooka hata usipoishika."

"Hata ukiwa huna nguvu ya kuishika."

"Tuseme hivyo."

"Endelea."

"Hapo sasa ndipo alipoanza kuharibu." Kossow alisogea karibu, sauti ikapungua kwa ajili ya Almut. "Mota ya nyuma uzuri wake nini? Inageuka yenyewe, huhitaji usukani. Yeye akataka zifungwe, zisigeuke hata kidogo. Akachukua kisanduku cha kuchanganya umeme, ili kijiti kimoja cha rimoti kiongoze zote mbili. Unasukuma mbele zinakwenda, unalaza kando moja inapoa na boti inageuka."

"Kijiti kipi?"

"Cha kushoto. Nikamwambia, mzee, vijiti viko viwili na mikono unayo miwili. Akasema cha kulia kiondolewe kabisa, kisije kikakwaza. Nilikifungua hapa hapa kwenye meza hii. Wateja walikuwepo."

Almut alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Walicheka?"

Kossow aliihamisha mota nyekundu kutoka mkono huu kwenda wa pili. "Kidogo."

"Kingine alichonunua?" aliuliza Prill.

"Pete mbili za kuzungushia propela. Hapo ndipo nikaelewa, nikasema kumbe anakwenda kwenye matete, upande wa kaskazini, kwenye majani mengi. Leo asubuhi niliposikia amepotea nikampigia Schlutow, nikamtajia matete tu. Ndiyo maana wapiga mbizi wameanzia kule."

"Pete inazuia majani?"

Kossow aligeuka nyuma. Akaichukua pete moja rafuni, akaizungusha kidoleni.

"Hapana," alisema. "Inayakusanya."

"Basi inazuia nini?"

"Kuta. Vidole. Kwenye maonyesho tukiweka beseni la watoto tunazivalisha zote pete."

Prill alizivuta zile mota mbili ndogo mbele yake. "Bwana Kossow, mimi boti sizijui. Nirekebishe nikikosea. Mtu anakataa mota yenye nguvu kwa sababu maji yake ni madogo. Anakataa shingo ndefu kwa sababu maji yake ni mafupi. Anavaa pete kwa sababu maji yake yana kuta, pengine na miguu ya watu ndani. Huyo hajachanganyikiwa. Huyo anachagua, na kila alichokichagua kinafaa maji anayoyajua vizuri. Ziwani hayupo."

"Na kijiti?"

"Rimoti hakuiandaa kwa ajili yake mwenyewe. Unamjua nani asiyeweza kutumia mkono wa kulia?"

Kossow alikaa polepole kwenye kiti cha nyuma ya meza. Nje treni ilipita, vioo vya kabati vikatetemeka, mota zote zikagongana kidogo.

"Irmela," alisema. "Irmela Boldt. Bingwa wetu. Alimshinda Ewald kila mwaka, na Ewald kila mwaka alirudi kununua mota kubwa zaidi. Mwezi wa saba alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia. Maneno nayo yakakatika. Yuko kliniki ya mazoezi, kule msituni. Klabu tulimpelekea maua."

"Halafu?"

"Tulimpelekea maua," alirudia Kossow.

Almut alisema, "Baba hajawahi kumtaja."

"Kliniki kuna maji?" aliuliza Prill.

"Hakuna ziwa kule, Inspekta, wala..." Akasimama. "Kuna lile bwawa la kukanyagia. Bustanini."

Prill hakuhitaji maelezo. Shangazi yake alipona magoti kwenye bwawa la namna hiyo: maji baridi ya kufika kwenye ugoko, bomba la kushikilia katikati, wagonjwa wamekunja suruali wanatembea wakiinua miguu juu kama korongo.

*

Simu ya kliniki ilikuwa inatumika. Prill alimwambia Almut aendelee kupiga, naye akakanyaga mafuta.

"Asubuhi niliwapigia mimi mwenyewe, kama hospitali nyingine zote," alisema Prill. "Niliuliza kama wamepokea mgonjwa wa jina la Trebbin. Wakajibu ukweli, hawajapokea. Sikuuliza wageni."

"Angefikaje bila gari?"

"Kwa basi. Kituo kiko mbele ya kibanda cha klabu. Alipita pale kabla hamjaamka, akachukua kibanio chake."

"Cha nini? Kule si ziwani."

"Alijua leo rimoti ya wimbi hamsini na tatu itawashwa, na alijua leo klabu nzima iko hewani. Hakutaka kumvuruga mtu."

"Kutoka kliniki mpaka ziwani ni mbali mno. Wimbi halifiki."

"Ni mbali, ndiyo. Alikichukua hata hivyo."

Almut aliweka simu sikioni tena. Ilikuwa bado inatumika. Msitu ulianza pande zote mbili, majani yameshageuka rangi, jua limeshuka nyuma ya miti.

"Alikuwa ananiaga anakwenda ziwani," alisema. "Kila Jumamosi. Nami nilikuwa nasema afadhali, nipate kupumua."

Prill aliegesha gari juu ya majani, mbele ya geti la bustani. Alipofungua mlango alisikia sauti. Ilitoka nyuma ya ua mrefu wa miti uliokatwa kama ukuta: mlio mwembamba, mkali, kama nyigu wawili ndani ya kopo. Ukapanda, ukakatika. Ukapanda tena.

"Nini hiyo?" aliuliza Almut.

"Mota isiyo na maji," alisema Prill, na akakimbia.

Bwawa lilikuwa na umbo la yai. Mzee Ewald Trebbin alikuwa amelala nusu ndani nusu nje, kifua juu ya ngazi, mkono mmoja umelikumbatia bomba, suruali imekunjwa mpaka magotini na mguu mmoja umekaa vibaya ndani ya maji. Juu ya mabega yake kulikuwa na blanketi la rangi ya waridi, pindo zake zimelowa. Lilikuwa la Irmela Boldt, amemrushia. Yeye mwenyewe, bibi mwembamba mwenye nywele fupi nyeupe, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu ukingoni, magoti wazi kwenye baridi ile, rimoti imefungwa mapajani kwa mkanda. Dole gumba la kushoto lilikuwa linasukuma kijiti, linaachia, linasukuma. Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya mteremko wa kuingilia, nje ya maji, propela mbili zinapiga hewa.

Prill alielewa. Irmela hakuweza kuita wala kushuka, na sauti ya mzee haikufika popote. Aliipandisha boti nchi kavu ili ipige kelele badala yake.

Almut alikuwa ameshaingia majini na viatu.

"Baba."

"Almut," mzee alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Na viatu vizuri hivyo. Mwambie azime. Anaziendesha kavu, anaziunguza."

"Fungua mdomo."

"Nimeteleza. Jani liliingia kwenye pete nikataka kulitoa, pete hizi hazifai kwa majani, nilijua..."

"Fungua mdomo, Baba."

Akafungua. Almut akamwekea kidonge chini ya ulimi na kumshika kidevu mpaka kikayeyuka.

Prill alipiga kelele kuelekea kwenye dirisha la kliniki, dirisha likafunguka, kisha watu wa kliniki wakaja mbio na machela. Daktari alipapasa nyonga, akasikiliza kifua, akasikiliza tena. Mfupa, pengine. Moyo unafanya kazi yake. Kama angekaa mpaka giza lingekuwa jambo jingine. Walimwinua taratibu, naye njia nzima akawa anamwambia daktari awe mwangalifu na blanketi, si lake.

Irmela Boldt aliendelea kusukuma kijiti mpaka machela ilipoingia mlangoni. Ndipo akaachia.

Prill alivua koti lake, akamfunika magoti, kisha akapiga simu ziwani.

"Schlutow, watoe watu majini. Yuko hai. Hapana, sikuelezi sasa. Waambie wanywe supu, na kesho mje kliniki. Wote. Msilete maua."

Akaiokota boti, akaisimamisha, akaisukumia majini ili isikanyagwe. Ikaelea mpaka katikati, ikakwama penye bomba. Kulikuwa na harufu ya waya ulioungua. Nesi alikuja kumchukua Irmela ndani. Irmela alitikisa kichwa, akaonyesha boti. Nesi akabembeleza. Irmela akaonyesha boti.

Almut alitoka, soksi zake zinachuruzika, blanketi kavu mkononi.

"Wanampasha joto. Ameniambia nisirudi bila boti," alisema. Akamtandikia Irmela blanketi mabegani, akaliingiza vizuri nyuma ya kiti. Kisha akachuchumaa mbele yake. "Mimi ni Almut. Funguo za gari nilimnyang'anya mimi."

Irmela alimtazama. Mdomo ulijaribu kitu upande mmoja, ukaacha. Akafungua mkanda kwa mkono wa kushoto, akamsukumia Almut rimoti.

"Sijawahi. Nyumbani nilikuwa nasema zinanuka mafuta."

Irmela alingoja.

Almut aliweka dole gumba kwenye kijiti. Boti ikatoka penye bomba, ikageuka, ikazidi kugeuka, ikarudi pale pale ilipoanzia.

"Inazunguka tu."

"Mota moja imeungua," alisema Prill.

Irmela alinyoosha mkono, akaufunika mkono wa Almut. Pua ya boti ilipoelekea ukingoni, akabonyeza; ilipopita, akaachia. Boti ilizunguka, ikasogea shubiri moja. Ikazunguka tena, ikasogea nyingine. Nesi aliacha kuvuta kiti.

"Baba hatembei mpaka Krismasi, wamesema," Almut alisema bila kutoa macho majini. "Atawasumbua nyie wote. Akipata nafuu nitamleta mimi. Kwa gari. Kabla ya hapo nitakuja peke yangu nikueleze anaendeleaje, kama hutajali."

Mkono wa Irmela haukuondoka. Ulingoja pua igeuke, kisha ukagonga mara moja juu ya dole gumba la Almut.

Almut akasukuma.